David Vetter: mtoto aliyeishi miaka 12 ndani ya plastiki

Tarehe 22 Februari 1984, mvulana wa miaka 12 alifariki dunia katika hospitali ya watoto mjini Houston, jimbo la Texas nchini Marekani. Jina lake lilikuwa David Vetter. Tangu sekunde za kwanza baada ya kuzaliwa aliishi ndani ya chumba cha plastiki kisichoingia vijidudu, na watu wa mataifa mengi walimjua kwa picha zake akiwatazama kupitia ukuta wa plastiki.

Katika makala haya tunasimulia maisha ya mtoto huyo, ugonjwa uliomfungia ndani, na jinsi upandikizaji wa uloto uliokusudiwa kumtoa nje ulivyogeuka kuwa chanzo cha kifo chake. Tunaeleza pia kile ambacho madaktari walijifunza kwake, na jinsi tiba ya jeni ilivyokuja kuwasaidia wagonjwa wanaopata matatizo baada ya kupandikizwa uloto. Simulizi hii ina kituo kimoja muhimu hapa kwetu Afrika Mashariki, mjini Kampala, nacho tutakifikia.

Familia iliyokwisha kuzika mtoto

Wazazi wa David, Bwana David Vetter na mkewe Carol Ann, waliishi Conroe, mji mdogo ulio kaskazini mwa Houston. Mtoto wao wa kwanza alikuwa binti, Katherine. Kisha akazaliwa mvulana, ambaye naye aliitwa David kwa jina la baba yake. Mvulana huyo aliugua mfululizo na akafariki akiwa na umri wa miezi saba. Madaktari waligundua kwamba alizaliwa bila kinga ya mwili.

Wataalamu wa Chuo cha Tiba cha Baylor mjini Houston waliwaeleza wazazi hao kwamba ugonjwa ule ni wa kurithi. Iwapo wangepata mtoto mwingine wa kiume, uwezekano wa kuzaliwa na tatizo hilohilo ulikuwa nusu kwa nusu.

Tueleze kidogo kwa nini wavulana. Kila mtu hurithi kutoka kwa wazazi wake maelekezo ya kuujenga mwili, na maelekezo hayo tunayaita jeni. Jeni zimepangwa kwenye nyuzi ndogo zinazoitwa kromosomu. Mwanamke ana kromosomu mbili za aina ya X, mwanamume anayo moja tu. Mama akiwa na jeni yenye hitilafu kwenye X moja, ile ya pili humlinda, naye huishi bila kuugua wala kujua. Lakini mtoto wa kiume akirithi ile X yenye hitilafu, hana nyingine ya kumkinga. Kwa hiyo ugonjwa huu hupita kwa mama wasiougua na huwapata watoto wao wa kiume. Huo si uchawi wala laana, na mama hana kosa lolote alilotenda.

Wazazi wa David walitaka mtoto mwingine, na madaktari walikuwa na tumaini. Mwaka 1968, daktari Robert Good na wenzake katika jimbo la Minnesota walimpandikiza uloto mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa aina hii, uloto uliotoka kwa dada yake, na mtoto akapona. Mpango wa Houston ukawa kwamba, iwapo mtoto angezaliwa mgonjwa, angehifadhiwa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja kwa muda mfupi, kisha apewe uloto wa Katherine.

Uloto na askari wa mwili

Uloto ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo ndimo zinamotengenezwa chembe za damu, zikiwemo chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Kuna aina mbili ambazo tutazitaja sana. Chembe B hutengeneza silaha za kupambana na vijidudu. Chembe T huongoza mapambano, na pia huua chembe za mwili zilizokwisha kuvamiwa na virusi.

Mtoto aliyezaliwa na ugonjwa unaoitwa kwa kifupi SCID hana chembe T zinazofanya kazi, na bila hizo chembe B nazo hazifai kitu. Mafua ya kawaida, kuhara au utando mweupe mdomoni huweza kumuua. Ugonjwa huu usichanganywe na UKIMWI. UKIMWI huletwa na virusi ambavyo mtu huambukizwa, ilhali SCID ni hitilafu ambayo mtoto huzaliwa nayo.

Kupandikiza uloto ni kumpa mgonjwa kiwanda kipya cha askari. Uloto hutolewa kwenye mfupa wa nyonga wa mtoaji na kuingizwa kwenye mshipa wa mgonjwa kama anayeongezewa damu. Shida ni kwamba lazima aina ya uloto wa mtoaji ilingane na ya mgonjwa. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kabisa ni mmoja kati ya wanne.

Kuzaliwa ndani ya plastiki

David alizaliwa kwa upasuaji tarehe 21 Septemba 1971. Chumba kilitakaswa mapema na madaktari walifanya kazi kimyakimya kwa uangalifu mkubwa. Sekunde chache baada ya kutolewa tumboni, alikuwa tayari ndani ya chombo cha plastiki kilichotakaswa. Alibatizwa humohumo kwa maji yaliyotakaswa. Vipimo vilithibitisha kwamba alikuwa na ugonjwa uleule uliomuua kaka yake.

Kisha ikaja habari mbaya zaidi. Uloto wa Katherine haukulingana na wake. Mpango wa muda mfupi ukakosa mlango wa kutokea. Madaktari John Montgomery, Mary Ann South na Raphael Wilson, ambao ndio waliomhudumia tangu mwanzo, hawakuwa na njia nyingine ila kuendelea kumweka ndani huku wakisubiri sayansi isonge mbele.

Kila kilichoingia kwa David, yaani chakula, maji, nepi, nguo, vitabu na vitu vya kuchezea, kilitakaswa kwanza. Vitu vingi viliwekwa kwa saa nne ndani ya gesi ya kuua vijidudu kwenye joto la nyuzi 60, kisha vikaachwa siku moja hadi saba ili gesi iishe. Hewa yake ilichujwa na kusukumwa na mashine zilizofanya chumba kisinywee, nazo zilivuma usiku na mchana. Aliyetaka kumbeba au kumbadilisha nepi aliingiza mikono katika glavu nene za plastiki zilizoshikizwa ukutani. Mama yake alimlea hivyo. Ngozi yake haikuwahi kugusa ngozi ya mwanawe.

Kadiri David alivyokua, vyumba vyake viliongezwa, kimoja cha kulala na kingine cha kuchezea. Alipofika miaka mitatu, kilitengenezwa chombo cha kumsafirishia, na chumba kingine kikajengwa nyumbani kwao Conroe, ili akae na wazazi na dada yake kwa wiki mbili au tatu kila anapopata nafasi. Watoto wa jirani walikuja kumtembelea. Alifundishwa masomo na alikuwa na akili nyepesi ya kushika mambo.

Siku moja akiwa na miaka minne, aliokota bomba la sindano lililosahaulika ndani na kuanza kuutoboa ukuta wa plastiki. Hapo ndipo wakubwa walipolazimika kumweleza vijidudu ni nini na kwa nini yeye yuko ndani na wengine wako nje. Tangu hapo alianza kuviogopa mno, na aliota ndoto za kutisha juu ya mfalme wa vijidudu.

Siku chache za kutembea nje

Mwaka 1977, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilimtengenezea suti maalumu inayofanana na ya wanaanga. Gharama yake ilitajwa kuwa dola 50,000. Suti hiyo iliunganishwa na chumba chake kwa bomba refu la kitambaa, na hewa safi ililetwa na mashine iliyosukumwa kwa magurudumu. Julai mwaka huo, David alitoka nje akitembea kwa miguu yake. Kwa mara ya kwanza mama yake alimbeba mikononi, ingawa kitambaa cha suti bado kilikuwa kati yao.

Suti hiyo aliivaa mara chache tu kabla haijambana. NASA walitengeneza nyingine kubwa zaidi, lakini hakuivaa kamwe. Kuingia na kutoka ndani ya suti kulihitaji hatua nyingi, na hofu yake ya vijidudu ilikuwa imekwisha kuwa kubwa.

Swali lisilo na jibu jepesi

Hatuwezi kusimulia maisha ya David bila kutaja mjadala uliomzunguka. Matunzo yake yaligharimu takriban dola milioni 1.3, sehemu kubwa ikiwa fedha za serikali za utafiti. Baadhi ya viongozi wa dini na wataalamu wa maadili waliuliza kama ilikuwa haki kupanga mtoto azaliwe ndani ya plastiki wakati hakuna uhakika wa tiba. Wengine walijibu kwamba bila plastiki ile asingefikisha mwaka mmoja, na kwamba wazazi waliokwisha kuzika mtoto hawakuwa na sababu ya kulaumiwa kwa kumpigania wa pili.

Kilichokosekana ni sauti ya mtoto mwenyewe. Mwanasaikolojia Mary Ada Murphy, aliyekuwa rafiki yake kwa miaka mingi, aliandika baadaye kuhusu hasira na huzuni alizokuwa akizificha mbele ya kamera. Kwenye magazeti alionekana mtoto mchangamfu. Ndani alikuwa mvulana anayekaribia kubalehe, anayejua kwamba hana tarehe ya kutoka. Familia ililinda faragha yake kadiri ilivyoweza, na jina lake la ukoo halikutangazwa akiwa hai.

Uloto wa dada

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipatikana mbinu mpya. Ili kuielewa, lazima kwanza tueleze hatari kubwa ya uloto usiolingana. Chembe T za mtoaji zikiingia katika mwili wa mtu mwingine, huuona mwili huo wote kuwa adui. Hushambulia ngozi, ini na utumbo. Ni sawa na kumkaribisha mgeni nyumbani, naye akaanza kubomoa kuta. Mbinu mpya ilikuwa kuusafisha uloto kabla ya kuupandikiza, kwa kuziondoa zile chembe T zilizokomaa. Hivyo hata uloto usiolingana kabisa uliweza kutumika.

Daktari William Shearer, aliyekuwa akimhudumia David wakati huo, pamoja na familia, waliamua kujaribu. Tarehe 21 Oktoba 1983, David alipewa uloto uliosafishwa wa dada yake Katherine, akiwa bado ndani ya plastiki.

Mwanzoni hakukutokea tatizo lolote, na tumaini lilikuwa kubwa. Baada ya wiki kadhaa alianza kuugua kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alipata homa, akaharisha, akatapika, kisha akaanza kutoka damu tumboni. Hali ilipozidi, ilibidi atolewe ili ahudumiwe vizuri. Tarehe 7 Februari 1984 alitoka nje ya plastiki. Mama yake akamgusa na kumbusu bila glavu kati yao, baada ya miaka 12 ya kungoja. Siku 15 baadaye David akafariki.

Kilichomuua, na safari ya kutoka Kampala

Wengi walidhani ama uloto ulimkataa, ama vijidudu vya hewani vilimvamia. Uchunguzi wa maiti ulionyesha jambo lingine. Mwili wake ulikuwa umejaa vivimbe vya saratani ya chembe B. Ndani ya vivimbe hivyo kulikuwa na virusi vya Epstein-Barr. Katherine, kama walivyo watu wazima wengi duniani, alikuwa na virusi hivyo bila kuugua. Vilikuwa vimelala katika uloto wake, vikapita na uloto huo hadi kwa David.

Sasa tufike Kampala. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alimwona mtoto mwenye vivimbe pande zote za taya. Muda si mrefu akaona mwingine, kisha wengine wengi. Akatambua kwamba ni saratani ya aina moja inayowapata watoto. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari umbali wa kilomita zaidi ya 15,000 katika Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, wakiuliza hospitali hadi hospitali ugonjwa huo uko wapi. Waligundua kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, yaleyale yenye malaria nyingi.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara mjini London, na msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akahisi kwamba huenda kirusi kinahusika. Walikubaliana vipande vya vivimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964, Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliviona virusi hivyo kwa darubini yenye nguvu. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr vilivyopata jina, kutokana na watoto wa Uganda.

Virusi hivyo husambaa kwa mate. Watu zaidi ya 9 kati ya 10 duniani huvipata katika maisha yao, na katika nchi zetu wengi huvipata wakiwa wadogo. Kwa kawaida hulala ndani ya chembe B maisha yote bila kuleta madhara, kwa sababu chembe T huvilinda kama askari wa zamu. Katika mwili wa David zamu hiyo haikuwa na askari. Yeye hakuwa na chembe T zake, na zile za dada yake zilikuwa zimeondolewa ili zisimdhuru. Virusi vikazichochea chembe B kuzaana bila kikomo.

Mwaka 1985, Shearer na wenzake walichapisha taarifa ya kitabibu ya kisa hicho. Ilikuwa moja ya dalili zilizo wazi kabisa kwamba kirusi kinaweza kuanzisha saratani ndani ya mwili wa binadamu, na kwamba chembe T ndizo zinazoizuia.

Tiba ya jeni yaingia

Hivyo madaktari walibaki njia panda. Wakiziacha chembe T ndani ya uloto, humshambulia mgonjwa. Wakiziondoa, virusi huamka. Wagonjwa wengine waliopandikizwa uloto walikufa kama David.

Mwaka 1994, madaktari wa New York walionyesha kwamba mgonjwa mwenye saratani hiyo akiongezewa chembe nyeupe za mtoaji wake wa uloto, vivimbe huyeyuka. Lakini ile hatari ya mgeni kubomoa nyumba ilirudi.

Mwaka 1995, Cliona Rooney, Helen Heslop, Malcolm Brenner na wenzao katika Hospitali ya St. Jude mjini Memphis walitoa taarifa ya njia bora zaidi. Walichukua damu ya mtoaji, wakazifundisha chembe T zake maabara hadi zikabaki zile tu zinazotambua virusi vya Epstein-Barr, kisha wakampa mgonjwa hizo peke yake. Pia waliingiza jeni ya alama ndani ya baadhi ya chembe hizo, kama mfugaji anavyopiga chapa ng'ombe wake ili awatambue hata wakichanganyika na mifugo ya wengine. Kwa alama hiyo waliweza kuona chembe zao ziko wapi na zinaishi muda gani.

Jeni huingizwaje? Wanasayansi huchukua kirusi, wakaondoa sehemu zake zinazoleta ugonjwa, na kukipakia jeni wanayoitaka. Kirusi hicho huwa kama punda wa mizigo, kazi yake ni kuifikisha jeni ndani ya chembe.

Miaka michache baadaye watafiti hao walihamia Houston na kuanzisha kituo cha tiba ya chembe na jeni katika Chuo cha Baylor, kwa kushirikiana na hospitali ileile ya watoto alikoishi na kufia David. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya wagonjwa 114. Kati ya 101 waliopewa chembe hizo kama kinga, hakuna hata mmoja aliyepata saratani ya virusi hivyo. Kati ya 13 waliokwisha kuugua, 11 walipona kabisa. Na zile chembe zenye alama zilionekana bado ziko kazini hadi miaka tisa baadaye.

Watafiti wengine walishughulikia upande wa pili wa tatizo, yaani wa mgeni anayebomoa nyumba. Mwaka 1997, wanasayansi wa Milan nchini Italia walieleza jinsi walivyowapa wagonjwa chembe T za mtoaji zikiwa na jeni ya kujiua. Chembe hizo zikianza kumdhuru mgonjwa, anapewa dawa inayoiamsha jeni hiyo, nazo hufa. Mwaka 2011, kundi la Houston lilitangaza swichi nyingine iliyo ya haraka zaidi. Wagonjwa wanne walioanza kushambuliwa na chembe za mtoaji walipewa dozi moja ya dawa, na zaidi ya asilimia 90 ya chembe zenye swichi zilitoweka ndani ya dakika 30. Dalili zao zikatulia. Mlinzi amepatikana, na sasa yuko chini ya amri.

Jeni ya David nayo yapatikana

Mwaka 1993, miaka tisa baada ya kifo cha David, watafiti walitambua jeni yenye hitilafu inayosababisha ugonjwa wa aina yake. Hapo likaja wazo jipya. Badala ya kutafuta uloto wa mtu mwingine, kwa nini usichukuliwe uloto wa mtoto mwenyewe, ukawekewa jeni nzima, na kurudishwa mwilini mwake? Uloto wake hauwezi kumshambulia.

Jijini Paris, Alain Fischer, Marina Cavazzana na wenzao walianza kazi hiyo mwaka 1999, na mwaka 2000 wakatangaza kwamba watoto wa kwanza wamepata kinga. London nao walifuata. Lakini furaha ilikatizwa. Kati ya watoto 20 waliotibiwa katika miji hiyo miwili, watano walipata saratani ya damu na mmoja akafariki, kwa sababu ule mzigo ulitua karibu na jeni zinazoweza kuchochea saratani. Majaribio yalisimamishwa, na punda wa mizigo wakatengenezwa upya kwa usalama zaidi. Mwaka 2019, Hospitali ya St. Jude ilitangaza kwamba watoto wachanga wanane wenye ugonjwa wa David walitibiwa kwa mbinu mpya, na kinga zao zikajengeka.

Leo Marekani kila mtoto anayezaliwa hupimwa ugonjwa huu kwa tone la damu la kisigino. Jimbo la Wisconsin lilianza mwaka 2008, na kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote 50 yalikuwa yakipima. Mtoto akigundulika mapema na kupandikizwa uloto kabla hajaanza kuugua, ana nafasi kubwa ya kuishi. Hakuna tena anayelelewa miaka 12 ndani ya plastiki.

Inatuhusu nini sisi

Tiba ya jeni bado ni ghali mno na kwa kiasi kikubwa iko mbali na vijiji vyetu. Hata hivyo upandikizaji wa uloto umekwisha kufika kwetu. Katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, watoto wenye selimundu walianza kupandikizwa uloto mwaka 2023. Wanaopandikizwa popote pale hukabili matatizo yaleyale tuliyoyaeleza, ya mgeni anayeshambulia na virusi vinavyoamka. Elimu iliyotokana na David ni sehemu ya matunzo yao.

Yako pia mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya leo. Mtoto mchanga anayeugua nimonia mara kwa mara, anayeharisha bila kukoma, mwenye utando mweupe mdomoni usioisha, na asiyeongezeka uzito, apelekwe hospitali na asitibiwe kwa kubahatisha. Kama katika ukoo wa mama wamekwisha kufa watoto wa kiume wakiwa wachanga, mweleze muuguzi hata kabla hujajifungua. Taarifa hiyo ni muhimu kwa sababu chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto anapozaliwa ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, navyo vinaweza kumdhuru mtoto asiye na kinga kabisa. Tusieleweke vibaya. Watoto wa namna hiyo ni wachache sana, na kwa watoto wengine wote chanjo ni ngao. Usiache kumchanja mwanao. Toa historia ya ukoo wako, kisha mwachie mtaalamu aamue.

Na ukiona uvimbe kwenye taya au tumbo la mtoto unaokua haraka, ndani ya siku au wiki, usingoje. Saratani aliyoieleza Burkitt pale Mulago hutibika kwa dawa, na hutibika vizuri zaidi mtoto akifikishwa mapema.

David Vetter alizikwa Conroe, karibu na nyumbani kwao. Shule moja ya msingi katika eneo hilo imepewa jina lake, na watoto wake hupishana mlangoni kila asubuhi wakishikana mikono.